Furiten hufunga kete zote, si moja

Mwandishi, kwenye mahjong ya Kijapani umeieleza ron (kushinda kwa kete aliyotupa mwenzako) vizuri, ila kwenye furiten, ile sheria ya kunyimwa ron, umepunguza. Ukishatupa hata kete moja kati ya unazozingoja, zote zimefungwa, hata ile ambayo hujawahi kuigusa. Mimi nililipia somo hili nikiwa mwanafunzi Osaka. Nina 4 na 5 za mianzi, nangoja 3 au 6. Jamaa wa mbele akatupa 6, nikaruka "Ron!" na kulaza kete zangu mezani. Mzee wa kushoto hakusema neno, akanyoosha kidole kwenye safu yangu: 3 ya mianzi, niliitupa mwenyewe zamu ya pili. Faini pointi 8,000, na wenyewe wanaiita chombo, nikabaki nacheka peke yangu. Na wewe ndugu hapo juu unayesema sheria hii ni uonevu, bila hiyo ungejuaje kete ipi ni salama kutupa mwenzako akishatangaza riichi, yaani kwamba amebakiza kete moja tu ashinde? Unatupa aliyokwisha kuitupa yeye, umepona. Halafu kushinda kwa kete uliyovuta mwenyewe hakuna aliyekukataza. Kinachouma ni uwe umetangaza riichi, kete yako ikupite hukuiona: ron huna tena mpaka mkono uishe.