Sifa Hazimlishi Mtoto



Hakuna watu wanaomsifu mama kwa ulimi kama sisi watu wa pwani. Hata mtoto wa chuoni ajua kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza ni nani mwenye haki zaidi ya kufanyiwa wema, akajibiwa mama mara tatu, na baba akatajwa mara ya nne. Hadithi hiyo twaisikia harusini, twaisikia matangani, na pengine msikilizaji hutokwa na machozi. Lakini huenda huyo mwenye kulia ana watoto watatu mtaa wa pili, kwa mke aliyemwacha, na hajui jana walilala na nini tumboni.

Hili ndilo nitakalo kulisema leo, na nalisema bila ya kuzunguka: tumeifanya sifa ya mama kuwa kificho cha baba. Kila baba anapokimbia wajibu wake, sisi humpongeza mama kwa subira yake. Twasema, "Nani kama mama!" kisha twaenda zetu kulala. Hadithi ile yatuamrisha sisi watoto tuwatendee wema mama zetu. Haikumwambia baba: mama yupo, wewe nenda zako.

Natutazame sharia yasemaje. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ameweka miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kuitimiza, na chakula cha mama na nguo zake akaviweka juu ya baba kwa kadiri ya ada njema. Katika Suratut Talaq, aya ya 6, amezidi kubainisha kwamba mke aliyeachwa akimnyonyesha mtoto, basi apewe ujira wake. Zingatia hapo, ndugu yangu. Maziwa yale ambayo sisi twayaita mapenzi ya mama, tukadhani hayana haki yoyote nyuma yake, Mola wetu ameyawekea ujira. Hakusema kwamba mama ana huruma, basi mwachieni. Kisha aya ya 7 ikaufunga mlango wa udhuru: mwenye wasaa atatoa kwa wasaa wake, na mwenye dhiki atatoa kwa kadiri ya riziki aliyo nayo. Hapana fungu la tatu, la mtu asiyetoa kitu.

Na wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika pwani hii twayafuata, wamelieleza jambo hili kwa urefu. Wazazi wakiachana, mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumlea mtoto maadamu masharti ya ulezi yametimia, mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, nao aghalabu ni miaka saba. Muda wote huo mtoto yuko mikononi mwa mama, lakini nafaka yake, yaani chakula, nguo, makazi na matibabu, iko shingoni mwa baba. Na kama baba hana, wajibu hauanguki juu ya mama kwanza, bali humwendea babu mzaa baba. Je, ni mababu wangapi wanaolijua hilo? Ni wangapi waliokwenda kugonga mlango wa mkwe wao wa zamani wakasema, "Mwanangu ameshindwa, mimi nipo"?

Sasa iangalie hali yetu. Mama aamka saa kumi za alfajiri akande unga wa mahamri, mchana akaange viazi vya karai, usiku ashone nguo za watu. Daftari la mwenye duka limejaa jina lake. Mtoto arudishwa kutoka shule kwa karo, na chuoni aona haya kwa kuwa ada ya mwalimu haijalipwa. Wako kina mama waliofunga safari kwenda kutumikia majumba ya watu Saudi Arabia na nchi nyengine za Ghuba, wakawaacha watoto kwa bibi mwenye maradhi ya miguu. Kisha mtoto huyo akiharibika, twashika methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Akifaulu huwa ni mwana wa fulani bin fulani. Akiingia katika unga na bangi, watu huuliza mama yake ni nani.

Ukimkabili baba wa namna hii, hakosi la kusema.

Atasema, "Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka talaka." Na iwe hivyo! Ndoa huvunjika, uzazi hauvunjiki. Mtoto hakuomba talaka.

Atasema, "Nikitoa pesa atakula yeye na mume wake mpya." Basi nunua wewe mchele na unga uwapelekee. Nenda shuleni ukalipe karo kwa mkono wako, upewe risiti. Anayetaka kutoa hakosi njia.

Atasema, "Mimi niko mbali." Zamani tungemsikiliza, maana barua ilikwenda kwa jahazi na pesa zilimngoja msafiri mwaminifu. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, pesa za Nairobi hufika Lamu kabla mtumaji hajaitia simu mfukoni. Umbali uliobaki ni umbali wa moyo.

Atasema, "Mimi sina." Huyu tumpime. Kama hana kweli, atoe vibaba viwili na sisi tumsaidie. Lakini kama ana pesa ya mirungi kila jioni, au ana mahari ya kuolea mke wa pili, huyo ana, ila hataki. Na wako wengine wanaotoa mchango wa maulidi na wa zulia la msikiti majina yao yakasomwa hadharani. Mtume (s.a.w.) aliitaja dinari itolewayo katika njia ya Mungu, na ya kumkomboa mtumwa, na ya maskini, na ile ambayo mtu huwatumilia watu wa nyumbani kwake, akasema hii ya mwisho ndiyo yenye ujira mkubwa zaidi. Zulia la msikiti halina njaa. Mtoto wako anayo.

Lakini lawama si ya baba peke yake. Na sisi tulio pembeni tuna fungu letu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake utendi wa wasia ilhali yeye mwenyewe yu mgonjwa. Tangu hapo mabinti wa pwani hawakukosa wa kuwausia namna ya kukaa na mume, na hilo ni jema. Nauliza: kijana wetu wa kiume ameusiwa na nani? Siku ya kwenda kuozwa hufundishwa matamko ya kupokea nikaha na kuvaa joho. Ni mzee gani aliyemkalisha akamwambia, "Mwanangu, ukimzaa mtoto, tumbo lake li juu yako mpaka ajiweze, ukae na mama yake au msikae"?

Na anapokuja mtu kuposa, sisi twauliza kazi yake, ukoo wake, na mahari atakayoyatoa. Hatuulizi: watoto wako wa mke wa kwanza wanakula nini? Lau kila baba mwenye binti angaliuliza suala hilo moja, wengi wangalirudi kwanza kuwaangalia watoto wao. Mtu aliyewatupa wa jana, wewe wamtumainia nini kwa wajukuu wako wa kesho?

Nawe mama, lipo neno lako pia. Wengi wenu mmelelewa mkaambiwa kwamba mke mwema husitiri, na kwenda kwa kadhi ni kuanika nyumba. Si hivyo. Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan, alimwendea Mtume (s.a.w.) akamshitaki mumewe kwa uchoyo, naye Mtume hakumwambia nenda ukasubiri. Alimruhusu achukue katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Tena tambua hili: katika madhehebu ya Shafi nafaka ya mke iliyopita hubaki kuwa deni juu ya mume, lakini nafaka ya mtoto ikishapita haiwi deni ila kwa amri ya kadhi au kwa idhini yake ya kukopa. Basi kila mwaka unaonyamaza, baba hubaki na dhambi, lakini mtoto hupotewa na haki asiyoweza kuirudisha. Sitara gani hiyo inayomla mtoto?

Milango ipo. Kenya ina mahakama za makadhi zilizotajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, na kifungu cha 53 cha katiba hiyo chaweka jukumu la mtoto juu ya baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Tena ziko mahakama za watoto. Zanzibar ina makadhi wake. Tanzania bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamlazimisha mwanamume kuwatunza watoto wake. Usione haya kwenda. Mtaalamu Susan Hirsch, aliyezichunguza mahakama za makadhi za pwani ya Kenya akachapisha kitabu mwaka 1998, aliona kwamba wengi wa wenye kushitaki humo ni wanawake. Hutakuwa wa kwanza.

Ila usimfanye mtoto kuwa fimbo. Aya ile ile ya 233 iliyomkataza baba kumdhuru mama kwa ajili ya mtoto, imemkataza mama kumdhuru baba. Baba anayetoa haki yake asifungiwe mlango, na mtoto asifundishwe kumchukia. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Enyi makhatibu, hadithi ya mama mara tatu tumeisikia. Ijumaa ijayo tusomeeni na ile isemayo kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kuwatupa wale ambao kuwalisha ni juu yake. Enyi mababu, nendeni mkawaone wajukuu zenu, na mikono isiwe mitupu. Na wewe baba ambaye umeisoma karatasi hii mpaka hapa ukahisi kwamba imekusema, usiikunje kwa hasira. Leo jioni, kabla ya Magharibi, peleka chochote ulicho nacho.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga wema wa aliotukabidhi. Wabillahi tawfiq.