Wanaotaka Kusoma Wapewe Hadithi

Mwezi uliopita binti mmoja wa kijijini kwetu, aliyemaliza kidato cha nne na sasa yupo nyumbani akimsaidia mama yake shambani, alinijia jioni akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kitabu cha kusoma, lakini kisiwe cha mtihani." Nikampa Rosa Mistika, kilichoandikwa na Euphrase Kezilahabi. Siku tatu hazikupita, kitabu kikarudi. Hakikurudi mikononi mwa yule binti, bali mkononi mwa baba yake mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa. Alikiweka juu ya meza yangu kama mtu awekaye nyoka aliyekwisha kuuawa, akasema, "Mwalimu, ulipelekwa chuoni ili uje utufundishie watoto mambo ya kweli. Hizi ni hadithi tu, tena za aibu."

Sikumjibu siku ile, maana ni mkubwa wangu, na chai niliyomkaribisha ilikuwa haijapoa. Lakini maneno yale nimeyasikia mara nyingi na kwa watu wengi, na leo nataka kuyajibu mbele ya wasomaji wote, kwa heshima, ila bila ya kuficha.

Kwanza hilo neno "hadithi tu." Ndugu zangu Wakristo, sisi tu watu gani hata tuidharau hadithi? Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakumsomea amri. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, na tajiri aliyemnyang'anya. Tajiri yule hakuwako, wala mwana-kondoo yule hakuwako. Daudi aliwaka hasira kwa ajili ya watu wasiokuwako, na kwa hasira ile akajihukumu mwenyewe asijue. Kama angaliambiwa waziwazi tangu mwanzo, nadhani angalitafuta udhuru, kama tuutafutavyo sisi sote. Basi asemaye ya kwamba jambo lisilotukia haliwezi kuwa na kweli ndani yake, na akazungumze na Nathani kwanza, ndipo aje kwangu.

Sasa nakuja kwa kitabu chenyewe. Kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa shuleni, kwa hiyo mzee wangu si mtu wa kwanza kukiogopa. Ni kweli yamo mambo mazito: ulevi, uasherati, kutoa mimba, na mtu kujiua. Sikatai. Lakini namwuliza, je, umekisoma chote, au umefungua ukurasa mmoja ukakasirika? Maana Rosa hakuharibiwa na kitabu. Alikuwa na baba mlevi, jina lake Zakaria, aliyempiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, akamtenga na wavulana wote kwa fimbo, wala asimfundishe hata neno moja la kujilinda. Alipoondoka chini ya fimbo ile akaenda kusoma mbali, hakuwa na ngao yo yote. Mwandishi haisifu dhambi hata kidogo. Aonyesha mahali ilipopandwa, na mahali penyewe ni nyumbani. Naona kitabu hiki chawauma wazazi kuliko kinavyowapotosha watoto, ndiyo sababu wanaokirudisha ni wazazi.

Kosa langu moja nalikubali. Ilinipasa nimpe mama yake akisome kwanza, ndipo akipate binti. Mtoto wa miaka kumi na miwili nisingempa. Lakini huyu ana miaka kumi na tisa, na mambo yaliyomo humo ameyaona kwa macho yake njiani kwenda kisimani.

Hata hivyo wazee si wenye kosa kubwa. Kosa kubwa ni letu sisi waalimu. Mbona binti yule alisema, "kisiwe cha mtihani"? Ni kwa sababu tumewafundisha watoto kuipasua hadithi kama samaki: hapa dhamira, hapa wahusika, hapa mandhari, kisha mifupa twaitupa. Tena wengine wetu hata samaki hawamnunui. Wanunua kile kijitabu kiitwacho mwongozo, wanawaandikia watoto ubaoni, na darasa zima lafaulu bila ya mtu mmoja kukisoma kitabu. Kijana wa namna hiyo aweza kukuhesabia dhamira tano za Kuli, hadithi ya Shafi Adam Shafi juu ya wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Lakini mwulize kama alipata kumwonea mtu huruma humo ndani, atakutazama tu. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo miaka minne. Naona haya kuyaandika.

Wako tena na wasomi wa mjini, wasemao Kiswahili hakina hadithi za kumshibisha mtu mzima. Hao siwaonei hasira, nawahurumia, maana wanalala na njaa ghala imejaa. Wangaliniuliza kitabu kimoja tu, ningaliwapa habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa kile kile alikozaliwa Kezilahabi, akasomeshwa na mapadre, akawa katekista. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, asipate mtu wa kukipiga chapa. Hakukitupa. Uzeeni akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 kikatolewa na Tanzania Publishing House katika sehemu mbili. Mwaka uliofuata alifariki. Fikirini, ndugu zangu: mtu ameitunza hadithi miaka thelathini na mitano, nasi twasema hatuna nafasi ya kuisoma!

Na hadithi yenyewe ni hii. Mume na mke hawana mtoto. Jamaa za mume wamsimanga mke, hata wazazi wake waja kumchukua wamrudishe kwao. Myombekere angeweza kuoa mwingine, wala watu wasingemlaumu. Hataki. Aenda ukweni kumwomba mkewe, atozwa faini ya pombe ya ndizi, naye akubali kuhangaika kuitengeneza. Mwandishi hana haraka. Ataka ujue jinsi ndizi zinavyoivishwa, jinsi mgeni anavyopokewa, jinsi watu wanavyovua na kulima. Nilipokisoma mara ya kwanza niliruka kurasa nyingi. Niliporudia nikaona ya kuwa nilichoruka ndicho kitabu. Hapa kwetu nawajua wanawake watatu waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa mtoto. Mahubiri juu ya ndoa nimeyasikia mengi, tena mazuri, lakini sikupata kuijua huzuni ya nyumba ya namna hiyo wakati wa usiku mpaka niliposoma habari za Bugonoka.

Vingine nitavitaja upesi. Mtu asiyependa kusoma mpewe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake watamshika hata taa izimike. Kijana aliyekua bila ya baba mpe Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, habari za kijana wa Tanga aendaye Kenya kumtafuta babaye. Kusadikika ya Shaaban Robert ni kubwa kwa maana, lakini kwa anayeanza ni nzito. Nimeona watu wengi wakianzishwa nayo wasirudi tena. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, yafaa kisomwe, ingawa chawasifu Waingereza kuliko niwezavyo kukubali. Na Peponi, hadithi ya Abdulrazak Gurnah, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili, wala hapana haja ya Kiingereza.

Rosa Mistika i juu ya kabati langu. Nimempelekea mzee salamu kwamba namwazima juma mbili, akisome mwanzo hata mwisho, kisha tuzungumze, bado hajajibu. Binti nimempa sehemu ya kwanza ya Myombekere. Jana alituma mdogo wake kuniuliza kama sehemu ya pili ipo, na kama mama yake naye aweza kuipata.