Kivuli cha Miti Yangu katika Mahindi ya Jirani



Katika skimu zetu wengi tumepanda mikaratusi mpakani. Miti hii hutupatia kuni, nguzo na fedha, nami siisemi vibaya. Lakini nataka kusema neno juu ya kivuli chake, maana mimi mwenyewe nilikuwa mkosaji.

Hapa Lugari jirani yangu alinijia mara mbili. Alisema, "Mzee, miti yako inakula mahindi yangu." Nikamjibu kwamba miti imesimama upande wangu wa mpaka, na jua ni la Mungu, hakuna mtu awezaye kumwibia mwenzake. Akaenda zake bila kuaga. Tangu siku hiyo hatukuazimana hata jembe.

Aliyenifungua macho si chifu wala hakimu. Ni binti yangu anayesoma shule ya sekondari. Alipokuja likizo alichuma mmea uotao ndani ya maji ya bwawa letu. Akakata kipande, akakifunga kijiwe kisielee, akakitia katika chupa ya kioo cheupe iliyojaa maji ya bwawa hilo hilo, mahali palipokatwa pakielekea juu. Akaiweka chupa juani, akaniambia, "Baba, tazama palipokatwa." Viputo vidogo vya hewa vikatoka mbio mbio, kimoja nyuma ya kingine. Tukavihesabu kwa dakika moja. Kisha tukaipeleka chupa chini ya mikaratusi, tukangoja kidogo, tukahesabu tena. Viputo vilikuwa vichache sana. Mwisho tukaiingiza nyumbani, mbali na dirisha. Huko tulingoja kiputo hata tukachoka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alieleza kwamba majani hutoa hewa hiyo yakiwa katika mwanga, wala si gizani. Hewa hiyo ni oksijeni. Jani hupata maji kutoka mizizini na kaboni dioksidi kutoka hewani, na kwa nguvu ya mwanga hutengeneza sukari, ambayo ndiyo chakula cha mmea. Watu wa elimu huiita kazi hii usanisinuru. Oksijeni ni mabaki tu ya kazi hiyo, kama moshi wa jikoni. Basi ukihesabu viputo, unapima jinsi jiko la mmea linavyowaka. Mwanga ukipungua, jiko hupoa. Na punje zote za mahindi hupikwa katika jiko hilo.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, nilikwenda mpakani nikapima kivuli kwa hatua. Shamba langu liko mashariki, la jirani liko magharibi. Saa hiyo kivuli ni kirefu kuliko mti wenyewe, nacho chote kilikuwa kimelala juu ya mahindi yake. Tena fikirini hali ya huku kwetu: wakati wa mvua asubuhi huwa nyeupe, na mawingu hukusanyika alasiri. Kwa hiyo mtu aliyenyimwa jua la asubuhi amenyimwa lililo bora, na lile la alasiri hana hakika nalo.

Wengine watasema mwizi ni mizizi, si kivuli. Sikatai. Mikaratusi hunywa maji mengi. Lakini mzizi waweza kuukata kwa mtaro. Kivuli hakikatwi kwa jembe.

Wala msidhani kwamba mwanga peke yake watosha. Mwaka 1905 Mwingereza F. F. Blackman alionyesha kwamba kazi ya jani huendeshwa kwa mwendo wa kile kilicho haba kuliko vyote. Ukiongeza mwanga, kazi huongezeka mpaka mahali fulani. Kisha husimama, kwa sababu kitu kingine kimepungua, kama vile kaboni dioksidi au joto. Ni kama watu wanaobeba mzigo pamoja: hawawezi kumpita aliye mzito wa miguu. Mahindi yaliyokauka kwa kiu au yasiyo na mbolea hayatapona kwa kukata miti.

Mimea nayo haifanani. Mahindi, mtama, miwa na nyasi za nepia huendelea kufaidi mwanga hata jua likiwa kali kabisa. Maharagwe na viazi hutosheka mapema zaidi. Ikiwa lazima ulime penye kivuli chepesi, afadhali upande maharagwe kuliko mahindi.

Basi shauri langu ni hili. Kwanza, kabla ya kupanda miti, simama mpakani asubuhi na jioni utazame kivuli kitaanguka kwa nani. Pili, ukiweza, panga mstari wa miti kutoka mashariki kwenda magharibi. Sisi tuko karibu na ikweta, na kivuli cha mstari kama huo huangukia zaidi mstari wenyewe. Hata katika Juni na Desemba, mti wa mita 10 hutupa kivuli cha mita 4 na nusu hivi tu saa sita mchana. Tatu, ukikata mkaratusi, ondoa machipukizi yake, maana shina huchipua tena na kivuli hurudi. Nne, zungumza na jirani yako kabla ya kupanda, si baada ya mavuno kuharibika.

Mimi nilikata mstari wote wa mpakani, nikauza nguzo. Sasa nimepanda miti mingine upande wa kaskazini, karibu na nyumba, ambapo kivuli chake hakimfikii mtu. Lakini kabla ya kushika shoka nilikwenda kwa jirani yangu na chupa ile mkononi. Tuliiweka juani, kisha kivulini, tukahesabu viputo pamoja. Hakusema neno mpaka tulipomaliza. Kisha akaniuliza kama ninahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa msumeno.

Haki ya mpaka si ya udongo peke yake. Jua linaloangukia shamba la mwenzako ni sehemu ya mavuno yake.