Kuchunga si Kuchungulia

Kiswahili hulitumia neno moja kwa kazi mbili, nacho hakikosei. Twasema mtoto "anaangalia video", na twamwambia jirani "niangalizie mtoto". Ya kwanza ni kazi ya jicho, ya pili ni kazi ya ulezi. Waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kuzitenga, maana kwao kulea kulikuwa ndiko kuona. Leo tumefika mahali ambapo mtoto anaangalia na hakuna amwangaliaye, kisha twazozana juu ya programu gani ya simu imlee kwa niaba yetu. Hoja yangu ni hii: utazamaji wa mtoto hauongozwi na kufuli, wala na marufuku, wala na saa ya ukutani. Huongozwa na mtu mzima akaaye karibu, akaona anachokiona mtoto, na akamtaka akisimulie. Vingine vyote ni visaidizi.

Naandika haya nikiitazama Kagera, hasa Bukoba na Muleba. Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu asidhani namtoa baharini na kumtupa ugenini. Muleba nayo ina visiwa vyake, Bumbire na Goziba vikiwamo, na wavuvi wake wa dagaa na sangara, na simu zilizo mikononi mwa watoto wao kama zilivyo mikononi mwa watoto wa pwani. Lakini Kagera ina historia yake katika jambo la malezi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata ilizichukua nguvu za nyumba nyingi, na wengi wa waliosalia kibanjani walikuwa bibi na wajukuu. Hata leo, pale ambapo wazazi wapo hai, mara nyingi wapo Mwanza au Dar es Salaam wakitafuta riziki, na wanachotuma nyumbani ni fedha na simu. Basi mbele yetu kuna watatu: bibi, mjukuu, na simu. Ushauri wowote usiomjua bibi huyu ni ushauri wa watu wengine.

Na ushauri tunaopewa haumjui. Wataalamu watuambia: mfungulie mtoto akaunti yake, weka neno la siri, pakia programu itakayokuletea orodha ya kila alichokitazama. Maneno mazuri kwa nyumba yenye simu tano, intaneti isiyokatika na mzazi asomaye maelekezo ya Kiingereza. Katika nyumba nyingi za Muleba simu janja ni moja, na ni ya wote: shangazi aisikilizia kwaya, mjomba aitazamia mpira, mjukuu aitazamia katuni. YouTube Kids, iliyoanzishwa mwaka 2015, haijui ni mkono wa nani ulioishika simu jioni ile. Tena si kila video yapita katika mlango huo. Nyingine hutumwa kwa WhatsApp, nyingine hujazwa katika kadi ya simu kwa malipo madogo kwenye kibanda cha sokoni. Kufuli la kampuni halilindi mlango ambao si wake.

Na hata mlango ulio wake, je, waulinda? Mwaka 2017 dunia iligundua kwamba video zenye wahusika wa katuni wapendwao na watoto, zilizojaa ukatili na uchafu, zilikuwa zikipenya hadi ndani ya programu hiyo hiyo iliyodaiwa kuwa ya watoto. Mashine iliona sura ya katuni ikadhani ni katuni. Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani, baada ya kushtakiwa kwa kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi wao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yule tuliyetaka kumwajiri awe mlinzi wa mtoto ndiye aliyetozwa kwa kumchungulia mtoto.

Nalitumia neno hilo kwa makusudi. Kuchunga na kuchungulia yanafanana kwa sauti, na masikio yavivu huweza kuyadhania ndugu. Achungaye hutembea pamoja na kundi, hunyeshewa mvua ile ile, huijua nyasi ipi ni tamu na ipi ni sumu. Na kuchunga pia ni kazi ya chungio: kupitisha unga na kuzuia pumba. Achunguliaye husimama nje ya dirisha. Huona, lakini haonekani. Hujua, lakini hashiriki. Programu za kuchungulia simu za watoto zatufanya wazazi wa dirishani. Mtoto akija kugundua, hajifunzi kuchagua kilicho chema. Hujifunza kujificha vizuri zaidi, na mwalimu wake katika kujificha ni mzazi.

Lipo kundi la pili, la wenye marufuku. Hawa huitaka serikali ifunge. Serikali zina kazi yake, nami siibezi. Tanzania imekuwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu 1976, na Sheria ya Mtoto tangu 2009. Lakini kumbukeni kibanda cha video cha mjini. Kilikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu. Mtoto wa shule akiingia saa za masomo, kulikuwa na jirani wa kumwona na kumpelekea mama yake habari. Sheria iliweza kusimama mlangoni hapo. Simu ni kibanda kisicho na mlango. Australia, nchi yenye uwezo mkubwa kuliko wetu, ilipitisha sheria mwezi Novemba 2024 ya kuwakataza walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao ya kijamii, nayo ikaanza kutumika Desemba 2025, YouTube ikiwamo. Hata huko, sheria yazuia akaunti. Video yenyewe yaweza kutazamwa bila akaunti. Marufuku yaweza kuibana kampuni, na ni haki ibanwe. Haiwezi kukaa jamvini na mtoto.

Kundi la tatu ni la wahesabu saa. Hawa wana hoja nzito kuliko wenzao. Shirika la Afya Duniani, mwezi Aprili 2019, lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo hata kidogo, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Ikipungua, ni bora zaidi. Mwongozo huo naukubali, maana mwili wa mtoto wataka kukimbia, kucheza na kulala. Lakini saa ni kipimo cha muda, si kipimo cha maana. Saa moja ya video zinazofuatana zenyewe, zikichaguliwa na hesabu za kampuni inayotaka jicho lisibanduke, si sawa na saa moja ya katuni ya Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014 na kufundisha hesabu kwa Kiswahili. Na saa hiyo ya pili, mtoto akiitazama peke yake, si sawa na kuitazama akiwa na mtu wa kumuuliza.

Jibu ninalolitafuta Wahaya wanalo tangu zamani. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani Peter Seitel alichapisha mkusanyo wa ngano za Wahaya, na jina la kitabu chake, See So That We May See, alilipata katika kiitikio cha ngano zenyewe. Msimulizi aanzapo, hadhira humjibu kwa kumtaka aone, ili nao wapate kuona. Tafakarini jambo hilo. Wahaya hawakumtaka msimulizi aseme tu ili wasikie. Walimtaka aone kwanza, kwa niaba yao; picha ipite katika jicho la mtu ndipo iwafikie wao. Kati ya picha na mtoto palikuwa na mtu anayejulikana, mwenye sauti na mwenye kuulizwa. Hicho ndicho kilichoondoka, na hakirudishwi na neno la siri.

Tena mila hiyo yatupa njia ya kutenda, na kwayo bibi wa Muleba ndiye mtaalamu. Ageuze viti. Mjukuu akimaliza kutazama, awe yeye msimulizi, na bibi awe hadhira. "Haya, umeona nini? Nani alifanya nini? Mwisho wake ukawaje? Lipi lilikuchekesha, lipi lilikutisha?" Mtoto anayejua kwamba ataulizwa hutazama kwa akili. Asiyeweza kusimulia alichokitazama saa nzima, tumejua kwamba saa hiyo imepotea. Anayenyamaza ghafla na kuinamisha macho, tumejua kwamba kuna jambo, nalo lataka upole kabla ya fimbo. Kazi hii haihitaji Kiingereza, wala bando, wala macho makali. Yahitaji sikio, na mtu ambaye mtoto haogopi kumwambia kweli.

Watu wa pwani hawana haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utendi wake mnamo 1858 hali akiwa mgonjwa, hakuanza na orodha ya makatazo. Alianza kwa kumwita mtoto asogee karibu naye. Makanyo yalifuata baadaye.

Nitoe mfano wa video yenyewe, nisije nikadhaniwa adui wa simu. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, alivuma kwa wimbo "Maria Salome", na Kihaya kikachezwa na watu ambao hawakujua neno lake hata moja. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wakaufanya "Salome", na video yake ikaenea katika mtandao. Mtoto wa Bukoba akikutana na hiyo ya pili peke yake, ataona mchezo wa watu wazima na kuuiga. Akiitazama akiwa na bibi yake, bibi atasema, "Wimbo huu naujua; tafuta ule wa kwanza," kisha atamfasiria maneno. Simu ni ile ile. Mara hii imemrudishia mtoto lugha ya nyumbani kwake.

Najua nitajibiwa: bibi amechoka, kuna migomba ya kupalilia na kahawa ya kuanika, na simu ndiyo pekee inyamazishayo kilio. Jibu hilo nalielewa, na wala simlaumu bibi. Nawalaumu watoto wake walioko mijini, wenye kutuma simu na wasiouliza ilitazamwa nini. Dakika kumi za maongezi kila jioni, mtoto akiwasimulia, hazimshindi mtu. Waizime pia ile hali ya video kufuatana zenyewe kabla hawajaituma simu. Nyumbani simu itazamwe ukumbini, pasipo vidude vya masikioni, na ilale chumba cha mkubwa.

Nasi washairi na watafsiri tumo. Twaandika kulalamika kwamba watoto wamemezwa na katuni za kigeni, ilhali ngano zetu tumezifungia vitabuni visivyofika Kamachumu wala Goziba. Mwenye ngano na aisome mbele ya simu ya jirani, kwa Kiswahili au kwa Kihaya, aiweke pale watoto walipo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Walidhani ulimwengu uko nje, na mtoto atautoka mlango aufuate. Sasa umo ndani, juu ya mkeka ule ule, nusu hatua kutoka kwa mama. Yeye yuko karibu zaidi ya mtu yeyote. Na asogee, aulize, aone.