Je, Wateja Wako Wanakuambia Ukweli?

Mwezi huu tunazungumza nanyi juu ya jambo lililotutia aibu, lakini likatufundisha mengi.

Hapa Oldonyo Sambu, kando ya barabara iendayo Namanga, kikundi chetu cha akina mama wa kanisani kilianza kutengeneza unga wa lishe wa kuuza: mahindi, ulezi, soya na karanga. Jumapili moja tulipika sufuria kubwa ya uji, tukawagawia watu baada ya ibada. Tukasimama pale pale na kuuliza, "Mnauonaje?" Wote wakajibu, "Mzuri sana!" Tukafurahi, tukasaga gunia zima. Wiki tatu zikapita, pakiti zikabaki zimepangwa ukutani.

Siku moja kliniki, tukiwa tunapima watoto uzito, yeyo mmoja alitunong'oneza: "Nesi, ule uji ulikuwa na uchungu. Mtoto wangu alitapika, nikaumwaga. Lakini mlitupa bure, tena kwa upendo. Ningewaambiaje?"

Maneno hayo yalituchoma. Tulikwenda kukagua karanga zilizobaki, tukakuta nyingine zimenyauka na nyingine zina ukungu. Na sisi ndio tunaofundisha lishe! Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua takriban watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na ukungu, haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupika. Unga wote tuliufukia shimoni. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yule mama hakuwa na kosa. Sisi ndio hatukumpa nafasi ya kusema.

Tangu hapo tumebadili namna ya kuuliza.

Kwanza, aliyepika haulizi. Tunamtuma mama mwingine, nasi tunakaa mbali.

Pili, tunapiga kura ya siri. Kila anayeonja hupewa punje moja ya hindi na moja ya haragwe. Kama angenunua kwa hela yake, hutumbukiza hindi katika kopo lenye tundu; kama hangenunua, haragwe. Punje inayobaki huondoka nayo mkononi. Hata asiyejua kusoma hupiga kura, wala hakuna anayemwona.

Tatu, tunatoa vikombe viwili vya uji tofauti na kuuliza, "Upi umeupenda zaidi, na kwa nini?" Ni rahisi mtu kuchagua kuliko kumlaumu mwenzake.

Nne, tunatazama vikombe vinavyorudi. Kikombe chenye uji nusu kimeshasema.

Tano, tunauliza habari za nyumbani: "Mtoto alimaliza? Tumbo lake lilikuwaje?" Majibu tunayaandika katika daftari. Watoto chini ya miezi sita hatuwaonjeshi kamwe. Chakula chao ni maziwa ya mama peke yake.

Mwisho, tunahesabu wanaorudi kununua mara ya pili. Sifa ni za bure, hela si ya bure.

Mara ya kwanza kopo lilijaa maharage, tukanyong'onyea. Lakini tulijifunza kwamba pakiti ya kilo mbili ilikuwa kubwa mno kwa mfuko wa mama. Sasa tunafunga nusu kilo. Karanga hatuchanganyi tena katika unga. Kila mama huchagua zake nzuri, akazitwanga siku anayopika.

Ukitaka kuuza madukani, usiishie kwa majirani. Pata mafunzo SIDO, kisha nenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosajili vyakula. Jirani atakuambia habari za ladha. Sumukuvu hupimwa maabara.

Na siku mtu atakapokuambia kasoro ya chakula chako, mama, usijitetee. Usiseme, "Mbona wengine wameupenda?" Sema "Ahsante," uandike. Ukimkatisha leo, kesho atakuambia "mzuri sana," na mtoto wake ndiye atakayeumia.

Yule yeyo wa kliniki siku hizi ndiye tunayemwonjesha kwanza. Akikunja uso, hatusagi.