Mwenye Shaka Asifukuzwe Ibadani

Yapo maneno katika sura ya 29 ya kitabu cha nabii Yeremia, yanayowaahidi watu wa Mungu amani na matumaini, ambayo Wakristo wa nchi zetu wameyapenda hata wakayachapa katika kalenda na kuyaandika migongoni mwa mabasi. Walakini ni wachache wakumbukao kwamba aya iliyotangulia inataja miaka 70 ya uhamisho wa Babeli, na kwamba wengi wa wahamishwa waliosomewa barua hiyo ya Yeremia wangezikwa ugenini kabla ahadi haijatimia. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waozeshe, hawakukatazwa kulia.

Nayataja haya kwa kuwa imezuka ada makanisani mwetu ya kumhesabu kila mwenye shaka kuwa ni mtu wa imani haba, na ya kumnyamazisha mfiwa, hata kabla kaburi halijafukiwa, kwa kumwambia kuwa huo ni mpango wa Mungu, kana kwamba msemaji alikuwapo barazani pa Mwenyezi Mungu shauri hilo lilipokatwa.

Tumtazame mfiwa mmoja wa zamani. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya kimisionari ya CMS ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, baada ya kuzuiliwa asirudi Shoa katika nchi ya Uhabeshi, naye akitaraji kuipata kwa upande wa pwani njia ya kuwafikia Waoromo. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, yeye mwenyewe akiwa taabani kwa homa, mkewe Rosine alifariki, na binti yao mchanga akamfuata mamaye baada ya siku chache. Wamezikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf alikuwa na azma kubwa ya kuweka vituo vya misheni mfululizo, toka pwani ya mashariki ya Afrika hata ya magharibi, na azma hiyo haikutimia maishani mwake. Alipoondoka mwaka 1853 kwa sababu ya maradhi, waongofu wa Rabai, kituo alichokianzisha mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kilichodumu ni kazi ya kalamu: sarufi ya Kiswahili, tafsiri za Maandiko alizozianza kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, na kamusi iliyotoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Sisemi kwamba kamusi ilikuwa fidia ya Rosine, wala simwamini mtu apimaye hivyo, maana mizani ya namna hiyo hakukabidhiwa mja. Ninaloliona kwa Krapf ni jambo dogo zaidi, nalo latosha: kwamba, pasipo kuelezwa sababu ya msiba wake, aliirudia kazi iliyokuwa mbele yake, na kutumaini kwake kulikuwa huko kuirudia, si katika yakini ya kujua mwisho wake.

Injili nayo haikuwaficha wenye hofu. Baba wa kijana mgonjwa, katika Marko 9, aliungama kutokuamini kwake mbele za Yesu, na mwanawe akaponywa vivyo hivyo; Yesu mwenyewe huko Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke; na Tomaso, ambaye sisi tumemfanya mithali ya aibu, alipita siku 8 na shaka yake, na siku ya nane alikuwa bado chumbani pamoja na wenziwe, wala hatusomi kwamba walimfukuza.

Basi rai yangu kwa wachungaji na wazee wa kanisa ni kwamba maneno ya mpango wa Mungu aachiwe mfiwa ayatamke mwenyewe, siku atakayoyaweza, hata ikiwa ni baada ya miaka. Na mjane aulizapo kwa nini, asijibiwe kwa karipio, bali aketiwe karibu na kusikilizwa.