Mama kushonwa bila ganzi si uvumilivu, ni uzembe

Wanamama wa Kivu wanaambiwa tangu mimba ya kwanza kwamba wavumilie, eti wenzao wote walizaa hivyo. Kwa wahami ni zaidi: mtu aliyepewa hema na unga, bado ataomba dawa ya maumivu?

Ndiyo, ataomba, na ni haki yake. Mwanaume anayetolewa risasi mguuni hahubiriwi juu ya uvumilivu. Anatafutiwa ganzi kwanza. Mama aliyechanika wakati wa kuzaa naye anapitishwa sindano katika nyama hai. Kwa nini yeye asitafutiwe?

Wapo wanaosema kutuliza uchungu wa kuzaa ni mambo ya wazungu. Kumbe hata kwao ilipiganiwa. Daktari James Young Simpson alipomtuliza mzazi kwa etha huko Scotland mwaka 1847, wapinzani walileta hoja za dini. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alijifungua kwa klorofomu, na hakuna aliyemwita mwoga.

Ukweli mwingine nao usemwe. Epidurali, ile ya kuacha mpira mwembamba mgongoni ili dawa iongezwe kidogo kidogo, inahitaji mtaalamu wa ganzi, oksijeni na kupima presha mara kwa mara, maana presha inaweza kushuka. Kuifanya katika kituo cha afya chenye muuguzi mmoja ni kumhatarisha mama.

Lakini hicho kisiwe kisingizio. Lidokaini ya kushonea, na bupivakaini ya sindano ya mgongo kwa mama anayepasuliwa, zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Mwongozo wa OMS wa mwaka 2018 unataka pia mzazi awe na mtu aliyemchagua kando yake. Kumkanda mgongo hakuhitaji hata franga moja.

Serikali ilizindua uzazi wa bure Kinshasa mwaka 2023. Ni bure gani, ikiwa mama wa kambini atashonwa akipiga kelele? Wakubwa wa afya na mashirika wahesabu chupa za ganzi kama wanavyohesabu mahema. Muuguzi anayemgombeza mzazi ili anyamaze aonywe. Na jamaa wasikae kimya mlangoni. Kabla mama hajashonwa, waulize: ganzi iko?